Kuweka saa, lugha na shilingi kwenye WordPress (usianze na lugha)

Kuna mama mmoja anauza zabibu za Hombolo alinipigia analalamika, mwanangu tangazo nimelipanga litoke saa mbili asubuhi limetoka saa tano, wateja washanunua kwingine. Nikajua hapo hapo. WordPress, ile programu ya kutengenezea saiti, ikiwa mpya inakuja na saa za UTC (saa za kimataifa), sisi tuko mbele masaa matatu, basi. Ndo maana mimi naanza na saa, lugha baadaye.

Hatua ya 1, saa. Ingia dashibodi, nenda setingi, ukurasa ule wa juu kabisa, shuka mpaka taimzoni, yaani saa za eneo. Usihangaike kuitafuta Dodoma, makao makuu tunayo sisi ila kwenye orodha haimo, chagua Dar es Salaam kwenye kundi la Afrika. Sevu, halafu linganisha saa inayokuonyesha pale na ya simu yako.

Sasa, saa zetu za Kiswahili WordPress haizijui. Kijana mmoja hapa Majengo akajifanya mjanja akaweka UTC-3 ili saa moja asubuhi isomeke 1:00, na kweli ikasomeka, tatizo post aliyorusha saa saba usiku ikatoka na tarehe ya jana. Acha tu zisome 07:00, watu wameshazoea kugeuza kichwani.

Hatua ya 2, tarehe. Inakuja Kimarekani, mwezi mbele. Kwenye kiboksi cha kujiandikia mwenyewe weka j F Y upate 9 Desemba 2025, au d/m/Y kama unataka fupi. Saa weka H:i. Ukitaka neno "saa" litangulie usiliandike hivi hivi, maana s ni sekunde na a ni am/pm kwahiyo utapata kitu kama 07pmpm 14:30, mimi kilinilaza macho usiku mzima hicho. Kila herufi itangulize mkwaju wa nyuma: \s\a\a H:i.

Hatua ya 3, lugha. Ukurasa huohuo, chagua Kiswahili, sevu, isubiri ishushe mafaili yake, na hapo ndo hata miezi inageuka Kiswahili. Tafsiri haijakamilika, utakuta vipande vya Kiingereza humo humo, usidhani umeharibu. Na kama dashibodi ya Kiswahili inakuchanganya (mimi inanichanganya, siwadanganyi, maelekezo mengi mtandaoni yanataja menyu kwa Kiingereza) ingia profaili yako ubadilishe lugha huko, ipo tangu toleo la 4.7 la 2016. Ya profaili unaiona wewe peke yako, wasomaji wanabaki na ya saiti. Ila makala zako hazijitafsiri, ukitaka lugha mbili weka plagini (kiprogramu cha kuongezea) kama Polylang.

Hatua ya 4 ni ya wenye duka la WooCommerce, plagini ya kuuzia bidhaa kwenye saiti. Setingi zake za mwanzo, nchi Tanzania, mkoa Dodoma, sarafu shilingi ya Tanzania, kitenganishi cha maelfu koma, na desimali weka 0. Hiyo sifuri usiipuuze, yule mama wa zabibu kreti yake ilikuwa imeandikwa 15,000.00 na kuna mteja alimpigia anamuuliza kwa ukali, milioni moja na nusu kwa zabibu gani hizo?

Ukimaliza futa keshi (nakala za zamani za saiti zilizohifadhiwa) ndo ufungue saiti kwenye simu, la sivyo utaangalia ya zamani useme setingi hazijashika.