Unamsindikiza hospitali mkimbizi aliyeteswa? Fanya hivi

Sisi wa huku Kasulu tumepakana na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu 1996 na bado mkimbizi akisema anaumwa akili yetu inaenda kwenye malaria. Wengine walifungwa na kuteswa kabla ya kuvuka mpaka, na mtu kama huyo kumpeleka hospitali kuna namna yake.

Kwanza kabisa usimuulize stori. Najua una nia nzuri, ila ukianza na nani alikufanyia hivi, walikua wangapi, unamrudisha kulekule alikotoroka. Muulize unaumwa wapi saivi, usingizi unapata, basi. Akinyamaza nyamaza nae.

Kutoka kambini kunahitaji kibali kwahiyo aanzie hospitali ya kambi apewe rufaa, usimpakie bodaboda tu.

Mkifika, akikuruhusu tangulia wewe ukamwambie daktari au nesi kwa sauti ya chini kwamba mgonjwa huyu aliwahi kuteswa. Hii ndo watu wanairuka afu ndo ya muhimu. Nilimsindikiza mzee mmoja wa Kirundi miguu inamuwaka moto, sehemu moja (sitaitaja) alishapewa panadol mara tatu na hakuna hata mmoja aliyemvua yeboyebo. Mara ya nne daktari akambonyeza kisigino, mzee akaruka! Nyayo kwa macho zilikua safi kabisa, kumbe alichapwa fimbo za nyayo, na ukipigwa hapo maumivu yanaweza kukaa miaka bila kovu. Bega la aliyening'inizwa kwa mikono hivohivo, sikio lililopigwa kofi pia, yani mwambie daktari aangalie mwili wote.

Afu nesi akamfunga ule mpira wa mkononi atoe damu, mzee jasho likamtoka, macho yakaganda ukutani. Kwa aliyewahi kufungwa kamba ule sio mpira. Kwahiyo muombe nesi aseme kabla ya kila kitu, sasa nakushika mkono, sasa nafunga, na mgonjwa ajue akisema acha wanaacha. Akishapotea hivyo usimtikise, mpe chupa ya maji ya baridi aishike, akanyage chini, umwambie taratibu mzee hapa ni Kasulu, leo Jumanne, mi niko hapa.

Mkalimani asiwe mtoto wake jamani, wala jirani wa bloku moja. Achague mwenyewe, mwanaume au mwanamke, Kirundi au Kiswahili cha Kongo, maana Mrundi mwingine anaweza akawa ndo yule anayemuogopa.

Kama alibakwa na ni juzijuzi kimbieni, dawa ya kuzuia VVU inaanzwa ndani ya saa 72, ya kuzuia mimba mpaka saa 120. Imepita? Bado aende apimwe. Na wanaume wanabakwa pia ila atakwambia mgongo, mgongo, kwahiyo aonane na daktari peke yake, we kaa nje.

Muombe daktari aandike makovu yalipo na mgonjwa anavyosema yalitokeaje. Kuna mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kazi hiyo, Itifaki ya Istanbul, ya 1999 ikaboreshwa 2022, na maandishi hayo yanaweza kumsaidia kwenye maombi ya hifadhi. We usimpige picha makovu ukarusha wasapu!!

Usingizi na ndoto mbaya zinatibika, kuna mazungumzo na mshauri wiki kwa wiki na wengine wanapewa vidonge vya sonona ambavyo vinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, asiache siku ya nne eti havifanyi kitu. Diazepam (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi) ya kununua duka la dawa bila cheti hapana, anazoea, na gongo inampa usingizi wa saa mbili afu ndoto zinarudi na hasira.

Kabla hamjaondoka muandikie tarehe ya kliniki kwenye karatasi aweke mfukoni, mtu asiyelala anachanganya tarehe, hata za mambo yaliyompata, wala hadanganyi. Siku moja kabla mpitie tena.