Kabla hajamdunga ng'ombe wako, muulize leseni

Sisi wafugaji tuna kaugonjwa ketu, yeyote akifika zizini na begi na gambuti tayari ni "dokta". Dokta karibu, dokta huyu mtamba tangu jana hali vizuri, na yeye wala hakatai. Heshima haina ubaya, mwite unavyotaka, shida ni kwamba ukishamwita daktari unaanza kumwomba kazi za daktari, na asiyejua kusema hapana atazifanya.

Wanaotufikia bandani ni wa aina tatu. Kuna daktari wa mifugo mwenyewe, aliyekaa chuo kikuu miaka mitano au zaidi. Kuna mtaalamu msaidizi, wengine wanamwita fundi sanifu mifugo, wengine paraveti, huyu kasoma cheti au diploma na akasajiliwa. Halafu kuna yule aliyejifunza kudunga kwa kumwangalia mjomba wake. Leo nazungumzia huyo wa katikati manake ndo tunayemwona mara nyingi, na wala tusimdharau, sotoka, ule ugonjwa uliokuwa unafagia ng'ombe, uliotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, haikumalizwa na madaktari peke yao, huko porini kwa wafugaji wanaohamahama waliobeba chanjo na kuchanja ni watu wa ngazi za chini waliopewa mafunzo.

Sasa leseni. Watu wengi wanadhani cheti cha chuo ndo leseni, hapana, ni karatasi mbili tofauti na kuna nchi zina mpaka ya tatu. Cheti kinasema ulisoma ukafaulu. Usajili unasema baraza la veterinari limekukagua limekuweka kwenye daftari lake, una namba yako. Na leseni ya kufanya kazi inasema mwaka huu, au kipindi hiki, bado unaruhusiwa. Mtu anaweza kuwa na cheti cha miaka 15 iliyopita na leseni imekufa siku nyingi. Kenya mambo haya yako kwenye sheria ya mwaka 2011 inayowataja madaktari wa mifugo pamoja na wasaidizi wao, Tanzania kuna Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na Marekani na Kanada wasaidizi wengi lazima kwanza wapite mtihani wa pamoja wa maswali 170 ndani ya saa tatu ndo wakaombe usajili jimboni. Jimbo la California leseni inahuishwa kila baada ya miaka miwili na mtu aonyeshe saa 20 za masomo ya kujiendeleza. Kila mahali na utaratibu wake ila swali lako wewe mfugaji ni lilelile, namba yako ya usajili ngapi, na leseni inaisha lini? Aliye nayo hakasiriki kuulizwa, anaitoa. Anayeanza kukueleza alivyotibu ng'ombe wa fulani na fulani, basi ushaelewa.

Kuna swali la pili ambalo watu wanalisahau na mi naona ndo zito kuliko hata hilo la kwanza. Daktari wako ni nani? Msaidizi aliyesajiliwa kwa kawaida anafanya kazi chini ya daktari, kwa maelekezo yake, na kitu kikiharibika daktari naye anaulizwa. Sio lazima daktari awe amesimama hapo, kazi nyingine anaelekeza kwa simu, lakini awepo. Huko Marekani sheria nyingi zimeweka mstari wazi kabisa, msaidizi hatamki ugonjwa, hatabiri atapona au hatapona, haandiki dawa, hafanyi upasuaji. Nchi nyingine zinamruhusu zaidi kidogo, mfano kutibu magonjwa ya kawaida, kuhasi, kuhimilisha (kupandisha kwa mrija), kwa kuwa madaktari ni wachache na vijiji ni vingi. Mstari upo popote ulipo, tofauti ni umechorwa wapi tu.

Mi nililijua hili kwa hasara. Nilikuwa na ndama jike anakohoa, nikamwita jamaa mmoja wa ile aina ya tatu kwa vile alikuwa karibu, akamchoma antibayotiki kwenye paja la nyuma, juu huku kwenye makalio, tena kwa haraka ndama akiwa anarukaruka. Kesho yake mguu unaburuta. Pale nyuma mshipa mkubwa wa fahamu unapita, na kwa ndama nyama yenyewe bado nyembamba, sindano ya msuli inatakiwa shingoni mbele ya bega. Kikohozi kiliisha, mguu haukurudi sawasawa.

Baadaye sana nikamwona mwenye leseni akifanya kazi yake na nikaona aibu kwa miaka yote ile. Ng'ombe alikuwa amezaa jana yake, amelala, shingo kaigeuzia ubavuni, masikio ya baridi. Homa ya maziwa, yaani kalsiamu imepungua mwilini baada ya kuzaa, hata mi nilishaotea. Yule bwana hakutamka ugonjwa, alipima joto, akasikiliza moyo, akapiga simu kwa daktari akamsomea kila kitu, akapewa maelekezo ndo akafungua begi. Chupa ya kalsiamu akaiweka kwanza kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu. Akautafuta mshipa wa shingo, akaanza kuiachia taratibu huku chupa kaishika chini chini, mkono mmoja chupa, mwingine stetoskopu kifuani kwa ng'ombe, dakika 15 nzima hajaongea na mtu. Katikati akasimama, akaishusha chupa. Nikamuuliza vipi, akasema moyo umeteleza, tusubiri. Kalsiamu ikiingia mbio kwenye mshipa moyo unasimama na ng'ombe anakufia mikononi, ndo maana kazi hii sio ya kila mwenye bomba la sindano. Mwisho ng'ombe akaanza kutetemeka misuli, akacheua, pua ikatoa vijasho, akajisaidia, na haikupita muda akainuka.

Kwenye chanjo mwangalie kiboksi cha barafu. Chanjo nyingi zinataka nyuzi 2 hadi 8, na watu wanaogopa joto tu kumbe nyingine zikigandishwa nazo zimekufa, kwa hiyo vichupa vilivyobanwa moja kwa moja kwenye barafu ngumu ni alama mbaya. Chanjo ya unga ikishachanganywa na maji yake haikai mpaka jioni, inaisha ndani ya saa chache kama lebo inavyosema, ile iliyobaki "tuitumie kesho kwa jirani" ni maji tu. Na sindano ibadilishwe, moja kwa zizi zima inasambaza magonjwa ya damu.

Halafu lipo jukumu ambalo linatuudhi wafugaji, kutoa taarifa. Mnyama akifa ghafla na damu isiyoganda inatoka puani na nyuma, msaidizi hatakiwi kumpasua na hatakubali umchune, anatakiwa aripoti kwa mamlaka siku hiyohiyo manake hiyo inaweza kuwa kimeta, na ukishafungua mzoga vijidudu vinageuka mbegu zinazokaa ardhini miaka kwa miaka. Najua inauma kuona nyama inafukiwa. Ukimwambia asiripoti naye akakubali, atakuwa anaweka leseni yake rehani kwa ajili yako, baraza linaweza kumsimamisha au kumfuta kabisa.

Mwisho kabisa ni maandishi, na hapa hata wazuri wanateleza. Akimaliza mdai aandike: tarehe, namba ya hereni, jina la dawa, kiasi, imechomwa wapi, na muda wa kusubiri kabla ya kutumia maziwa na kula nyama, hivyo ni vipindi viwili na mara nyingi havilingani, wa nyama huwa mrefu zaidi. Daftari liwe la zizi, lining'inizwe palepale mlangoni, sio kwenye simu yako, manake siku ukisafiri mkamuaji hatajua ng'ombe yupi maziwa yake bado yana dawa.