Kidonge Kwanza, Fomu Baadaye: Jinsi ya Kumfikisha Manusura wa Ubakaji Kwenye Matibabu Mapema

Mwongozo huu unawalenga wakuu wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ndogo nchini Kenya, hasa zilizo mbali na miji, pamoja na machifu na wahamasishaji wa afya ya jamii wanaowapelekea wagonjwa. Miji mikubwa ina vitengo vyake maalumu: Nairobi Women's ilifungua kituo cha manusura mwaka 2001, na Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa ikawa na chake mwaka 2007. Hata hivyo, msichana aliyebakwa Bamba, kijijini ndani ya Kaunti ya Kilifi, usiku wa Ijumaa haanzii Mombasa. Anaanzia kwa mamake, kisha kwa shangazi, kisha kwa mzee wa kijiji na labda kwa chifu, na kila mlango anaoubisha unamla saa.

Saa hizo ndizo kiini cha jambo lote. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, ambazo wengi huziita PEP, zinapaswa kuanza ndani ya saa 72 tangu tukio, na kadiri zinavyochelewa ndivyo zinavyopungua nguvu. Vidonge vya kuzuia mimba vya dharura, P2 kwa jina la mtaani, humezwa ndani ya saa 120, navyo havipendi kungojewa. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha kituo chako kisiwe wingi wa mabango ukutani, bali muda unaopita tangu mtu aingie langoni hadi ameze kidonge cha kwanza. Weka daftari lenye safu mbili, saa ya kufika na saa ya kidonge, bila jina la mgonjwa. Ukilisoma baada ya miezi miwili utaona mwenyewe mahali mnapokwama, na mara nyingi patakuwa mahali ambapo hakuna aliyepashuku.

Katika kituo kimoja nilichokitembelea, dawa zote zilikuwepo, tena za kutosha, lakini zilifungiwa katika kabati la stoo, na ufunguo ulikuwa mmoja tu, mfukoni mwa mfamasia aliyekuwa akienda nyumbani saa kumi na moja jioni. Aliyeletwa saa mbili usiku aliambiwa arudi asubuhi, na ikiwa asubuhi hiyo ni ya Jumamosi, basi Jumatatu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hakuna aliyekuwa amehesabu saa. Suluhisho la tatizo hilo lilikuwa sanduku dogo lililowekwa katika chumba cha dharura, likiwa na dozi za kuanzia za PEP kwa watu wazima na kwa watoto, P2, vipimo vya mimba na vya virusi, chanjo ya homa ya ini aina ya B, dawa za magonjwa ya zinaa, pamoja na fomu na bahasha za kaki. Ufunguo wake hukabidhiwa muuguzi wa zamu kama anavyokabidhiwa ule wa dawa kali zinazodhibitiwa, kwa sahihi. Usisahau dozi za watoto, kwa sababu hupimwa kwa kilo, na muuguzi aliye peke yake usiku hapaswi kuanza kukata vidonge vya watu wazima kwa kukisia. Kibandike ndani ya kifuniko cha sanduku kikaratasi cha uzito na dozi.

Kizuizi cha pili ni imani, iliyoenea hata miongoni mwa watumishi wa afya, kwamba mgonjwa sharti apitie polisi kwanza. Si kweli. Chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 zilitungwa kanuni za matibabu mwaka 2012, na manusura ana haki ya kutibiwa bila malipo katika hospitali ya umma. Miongozo ya Wizara ya Afya nayo iko wazi kwamba matibabu hayangojei ripoti ya polisi. Anayetaka kushtaki asaidiwe kushtaki, na asiyetaka leo atibiwe leo, huku ushahidi ukihifadhiwa endapo ataridhia, ili mlango usifungwe akibadili mawazo. Waambie hivyo watu wa dirisha la kadi pia, kwa maana ndio wanaodai pesa za kadi kabla daktari hajajua kwamba kuna mgonjwa.

Hapa ndipo watu huchanganya fomu mbili. Fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya ubakaji, ni ya hospitali. Hujazwa na daktari, afisa wa kliniki au muuguzi aliyesajiliwa, wakati wa uchunguzi uleule, kwa nakala tatu: ya polisi, ya manusura mwenyewe na ya kubaki hospitalini. Fomu ya P3, ya ripoti ya kitabibu kwa ajili ya kesi, hutoka kwa polisi na inaweza kujazwa siku nyingine kwa kufuata yaliyoandikwa katika PRC. Kituo kisicho na PRC humlazimu manusura kusimulia upya kwa kila anayevaa koti jeupe, na baada ya miezi, mahakamani, maelezo yake yatapishana na kumbukumbu za daktari ambaye huenda ameshahamishwa. Kwa hiyo agiza fomu kabla hazijaisha, kama unavyoagiza glovu.

Sasa njia ya mgonjwa ndani ya kituo. Tembea mwenyewe, kutoka langoni hadi chumba cha uchunguzi, ukijifanya mgeni, na uhesabu ni watu wangapi watakuuliza umekuja kwa nini. Mlinzi atauliza, mapokezi watauliza, na pengine anayepima presha naye atauliza, akiwa mbele ya benchi lililojaa watu wanaojuana. Njia rahisi ni kukubaliana juu ya neno moja. Wahamasishaji wa afya ya jamii wamwambie mtu aseme tu, "Nimetumwa kwa sista wa chumba namba nne," na mlinzi akisikia hivyo ampeleke bila swali la pili. Chumba chenyewe kiwe kile ambacho wagonjwa wengine pia hukitumia. Mlango ulioandikwa "Dhuluma za Kijinsia" kwa herufi kubwa humtangaza kila anayeugusa.

Ndani ya chumba, mhudumu mmoja asikilize, achunguze na aandike, na kila hatua iombwe ruhusa upya. Mgonjwa akikataa kuchunguzwa, dawa apewe vilevile. Kama hasemi Kiswahili vizuri, mkalimani awe mtumishi aliyefunzwa kutunza siri, si jirani aliyemsindikiza na kamwe si mumewe. Kile kinachoitwa kupima bikira kisifanywe kabisa: hakina msingi wa kitabibu, na Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka kikomeshwe tangu mwaka 2018. Wavulana na wanaume nao hubakwa, nao hukaa kimya zaidi. Anayekuja akilalamika tumbo au choo na hataki kukutazama usoni, muulize kwa upole mkiwa wawili tu.

Kuhusu ushahidi, wafundishe watu wa vijijini mambo machache. Manusura asioge wala kufua nguo akiweza kuvumilia hadi afike. Nguo zitiwe katika mfuko wa karatasi, kwa kuwa nailoni huhifadhi unyevu na unyevu huleta ukungu unaoharibu kile ambacho Mkemia wa Serikali angekitafuta. Kila anayepokea bahasha aandike jina, tarehe na saa. Lakini yeyote anayetoa mafunzo haya amalizie kwa kusema kwamba aliyekwisha kuoga aje pia. Nimeshawahi kumsikia mama akieleza kwamba alimweka bintiye nyumbani siku nne kwa sababu "alishaoga, tukaona hakuna haja". Onyo la kulinda ushahidi lilikuwa limemfungia mtoto dawa.

Machifu na wazee wana sehemu ngumu zaidi, kwani kwao ndiko mambo huletwa ili "yaishe nyumbani". Kesi ya ubakaji si mali ya familia mbili kuigawana, na mbuzi wa fidia hawazuii virusi wala mimba. Hata hivyo si busara kuanza kwa kugombana na wazee juu ya sheria, maana saa 72 hazitoshi kwa mjadala huo. Waombe jambo moja: kabla ya kikao chochote, mtoto aende hospitali. Wengi hulikubali hilo. Kubaliana nao pia juu ya mwendesha bodaboda anayeaminika, ambaye atalipwa na kituo mwisho wa mwezi kutoka mfuko mdogo wa nauli, kwa kuwa mara nyingi mtu hukosa matibabu kwa kukosa nauli tu. Ambaye hana wa kumuuliza apige simu ya msaada kwa manusura wa dhuluma, 1195, na kwa mtoto 116.

Limebaki suala la mgonjwa kurudi kituoni. PEP humezwa siku 28, na wengi huacha katika wiki ya kwanza kwa kichefuchefu, au kwa kuwa walipewa vidonge vya siku chache na nauli ya kufuata vingine haikupatikana. Wape vyote mara moja, ueleze kwamba kichefuchefu hupungua wakimeza baada ya kula, na uwape tarehe za kupima virusi, dawa zinapoisha na tena mwezi wa tatu, pamoja na za chanjo zilizobaki. Kadi ya tarehe isiandikwe sababu yoyote. Kabla hajaondoka, muulize ni namba gani ya simu iliyo salama, nani mwingine huishika, na saa ngapi apigiwe. Muuguzi anayekumbusha ajitaje kwa jina lake tu, na ikipokewa na mtu mwingine, aseme amekosea namba kisha ajaribu tena kesho.