Tengeneza kalugha kako ka maneno 60, hivi ndivyo mi nilivyofanya

Kwanza tuelewane. Kama ulishawahi kuongea kinyume ukiwa mtoto, ile ya kuchukua silabi ya mwisho unaitupa mbele, mbuzi inakuwa zimbu, ile sio lugha mpya, ni Kiswahili kimevaa koti la ndani nje. Maneno ni yale yale na sarufi ni ile ile. Hapa naongelea kitu kingine, unakaa chini na daftari unaanza na sifuri, sauti zako, maneno yako, na kanuni zako.

Usianze na maneno elfu kumi, utaacha wiki ya pili. Kuna dada mmoja wa Kanada, Sonja Lang, mwaka 2001 aliweka mtandaoni lugha yake inaitwa Toki Pona, na kitabu alichotoa 2014 kina maneno kama 120 tu na herufi 14, na watu wanapiga nayo stori mpaka leo. Mi nilitaka ndogo zaidi, nikasema 60, mimi na mtoto wa mamdogo tuwe tunasemeshana nyumbani bila watu kujua.

Anza na sauti. Chagua zile ambazo kila mtu kwenu anatamka bila kujiuma ulimi. Mi r niliitupa siku ya kwanza kabisa, maana nusu ya ukoo wetu r na l kwao ni kitu kimoja, leo mtu atasema "kura" kesho "kula" na wote tunaelewana, sa kwanini nijitafutie kesi? Dh, th na gh nazo nje. Nikabaki na p t k m n s l w, na irabu tatu tu, a i u. Kila silabi ni konsonanti moja na irabu moja, basi. Piga hesabu: konsonanti 8 mara irabu 3 ni silabi 24, na ukizipanga mbili mbili unapata 24 mara 24, yaani maneno 576. Unahitaji 60. Kwaiyo una nafasi ya kuringa, na hiyo nafasi itumie vizuri, usiweke maneno mawili yanayopishana sauti moja tu. Mwanzoni nilikuwa na paku ni kula afu patu ni kulala, ndani ya daladala yenye mziki hausikii tofauti, dogo ananiuliza kama nimekula namjibu bado sina usingizi.

Afu kitu muhimu sana: ukishapata orodha isome yote kwa sauti, peke yako, mlango umefungwa. Ukiwa na k, m, u na a kwenye mfuko mmoja unajua mwenyewe kitakachotoka siku moja. Toa pia maneno ambayo tayari ni ya Kiswahili, siku, mila, tamu, yatakuchanganya. Hata Toki Pona inamsumbua Mswahili hapa, kule "kama" maana yake ni kuja, na "mama" ni mzazi yeyote, hata baba.

Maneno yenye maana niliyafanya yote silabi mbili, na vile vineno vya sarufi silabi moja moja. Hii inasaidia kuliko unavyodhani, sikio linajua lenyewe neno limeanzia wapi limeishia wapi. Haya machache utumie kwenye mifano: tinu mtu, lapu kubwa, paku kula au chakula, lumi maji au kitu chochote cha majimaji, kalu moto, pisa nyumba au kitu chochote chenye kuta, silu kwenda, numu ingi.

Sa unachaguaje maana 60? Usikae unawaza "dunia ina nini", utajaza majina ya wanyama. Fungua simu, chukua meseji 20 ulizotuma wiki hii, jaribu kuzisema kwa maneno uliyonayo. Mi kwenye zangu kulikuwa na nimefika, uko wapi, nitumie hela, usichelewe, umeme umekata. Hakuna tembo hata mmoja. Neno la pesa likaingia, tembo akabaki "mnyama mkubwa".

Njia ya kupunguza nusu ya orodha ni kuwa na kineno cha kugeuza kinyume. Esperanto, ile lugha ya kutunga ambayo jamaa anaitwa Zamenhof aliitoa 1887, inafanya hivyo, bona ni zuri, malbona ni baya. Mi yangu ni ta: kalu moto, takalu baridi, lapu kubwa, talapu dogo. Ila angalia, kugeuza sio kukanusha. Maji yasiyo ya moto sio lazima yawe baridi, yanaweza kuwa vuguvugu. Kwaiyo kukanusha nikakipa kineno chake, "ni".

Haya twende kwenye sarufi, na hapa ndo nilipopigwa. Niliona ngeli ni mzigo nikazitupa zote, nikatupa na viambishi, kila neno linaweza kuwa jina, kitendo au sifa. Raha sana mpaka nilipoandika tinu lapu paku. Hii ni nini? Mtu mkubwa anakula? Au mtu anaongeza chakula? Kwenye Kiswahili huwezi kupotea, "mtu mkubwa anakula", ule m wa mkubwa na ule a wa anakula vinakuonyesha kila mtu amekaa kiti gani. Ukivitoa, lazima kazi yao ifanywe na mwingine. Nikaweka ti kabla ya kitendo na su kabla ya kinachotendwa:

tinu lapu ti paku, mtu mkubwa anakula.
tinu ti lapu su paku, mtu anaongeza chakula.

Nikidhani nimemaliza, ikaja pisa tinu lapu. Nyumba ya mtu mkubwa, au nyumba kubwa ya mtu? Kiswahili kinamaliza hili kwa herufi moja, nyumba ya mtu mkubwa, ule m unasema ukubwa ni wa mtu. Toki Pona wana neno pi kwa kazi hii, mi nikaweka mu: bila mu kila neno linaelezea lile la kwanza, ukiweka mu yanayofuata yanajikusanya pamoja. Kwaiyo pisa tinu lapu ni nyumba kubwa ya mtu, na pisa mu tinu lapu ni nyumba ya mtu mkubwa. Daladala ni pisa silu mu tinu numu, nyumba inayokwenda ya watu wengi. Usipoweka mu hapo unapata nyumba nyingi zinazokwenda. Toka siku hiyo ngeli naziheshimu.

Nyakati usihangaike nazo, weka neno moja la jana na moja la kesho mwanzo wa sentensi, inatosha. Namba nazo, moja, mbili, tano, ingi. Ukitaka kuhesabu vikoba tumia Kiswahili.

Mwisho ijaribu wiki nzima bila kuongeza neno hata moja, hata ukibanwa vipi, unaandika tu pembeni ulipokwama. Mi nilikwama vizuri. Dogo alinitumia lumi kalu, niende nayo nyumbani, nikanunua chai kwenye chupa nikafika nayo, kumbe alitaka supu. Uji nao ni lumi kalu. Baada ya wiki niliangalia pembeni mwa daftari nikakuta vinywaji vimenikwamisha mara saba, rangi mara moja tu, nikafuta rangi mbili nikaweka neno la nyama na neno la nafaka. Supu ikawa maji moto ya nyama, uji maji moto ya nafaka, chai ikabaki lumi kalu maana ndo tunayoitaka mara nyingi.

Kilichobaki ni shangazi. Nilimfanya "ndugu wa mzazi", jina moja na mjomba, na yeye akaja kujua, sijui dogo alimwambia nini. Sa hivi nina maneno 61.