Kabla ya kusimba hifadhidata, jua gharama iko wapi

Wengi huogopa kwamba usimbaji (encryption, yaani kugeuza data isisomeke bila ufunguo) utailemea seva. Mara nyingi hofu hiyo haina msingi. Vichakataji vingi vya Intel vina amri maalumu za AES, njia ya kusimba inayotumika sana, tangu 2010. Andika `grep aes /proc/cpuinfo` kwenye Linux. Neno aes likitokea, hesabu nzito inafanywa na amri hizo za kichakataji. Raspberry Pi 4 haina amri hizo, kwa hiyo huko pima kwanza kwa `cryptsetup benchmark`.

Kinachotangulia ni kujua unaificha data dhidi ya nani. Kusimba diski nzima kwa LUKS (mfumo wa Linux wa kusimba diski), au faili za majedwali ndani ya hifadhidata ya MySQL, kunakukinga diski ikiibwa. Aliyepata nenosiri la hifadhidata hazuiwi: akiuliza, anajibiwa waziwazi. Faida ya njia hii ni wepesi. InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi data, hufungua ukurasa (kipande cha jedwali) unaposomwa kutoka diskini, kisha ukurasa hukaa wazi kwenye kumbukumbu. Kama data inayotumika kila siku inaenea kwenye RAM, hutaona tofauti kubwa. Seva yenye RAM finyu, inayokwenda diskini kila dakika, ndiyo itakayolipa.

Maumivu yenyewe yako kwenye kusimba safuwima moja moja. Chukua namba ya simu ya Tanzania inayoanza na 255, tarakimu 12. AES-GCM, aina ya AES inayothibitisha pia kwamba data haijachezewa, kwa mpangilio wake wa kawaida huiongezea baiti 12 za nasibu za kuanzia (nonce) na 16 za uthibitisho: jumla 40. Ukiihifadhi kwa Base64, yaani baiti zikiandikwa kama herufi za kawaida, inakuwa herufi 56, na safuwima ya VARCHAR(15), isiyopokea zaidi ya herufi 15, haifai tena. Hilo la ukubwa bado ni dogo. Namba ileile ikisimbwa mara mbili hutoka tofauti, kwa hiyo faharasa (index, orodha inayoharakisha utafutaji) haina kazi: kutafuta kwa namba kamili hakupati kitu, LIKE (kutafuta kwa kipande) haipati kitu, na kupanga kwa mfuatano hakuna maana. Programu italazimika kufungua rekodi zote, moja baada ya nyingine. Kabla hujagusa kitu, kusanya maulizo halisi yanayoigusa safuwima hiyo.

Ikiwa inatafutwa kwa namba kamili tu, weka safuwima ya pili yenye HMAC ya namba hiyo, yaani alama isiyobadilika inayokokotolewa kutoka kwenye namba na ufunguo, na uijengee faharasa. SHA-256 tupu, alama kama hiyo isiyo na ufunguo, haitoshi: baada ya 255 zinabaki tarakimu 9, yaani namba zisizozidi bilioni moja, na kompyuta ya kawaida huzijaribu zote bila shida. HMAC ina ufunguo wa siri, ndiyo tofauti. Watu wa huduma kwa wateja wakitafuta kwa kipande cha jina, mimi ningeliacha jina bila kusimbwa na kubana ruhusa za kulisoma.

Usiiulize huduma ya funguo (seva inayotunza funguo za usimbaji) kwa kila rekodi. Safari za mtandaoni zitakula muda kuliko AES. Ufunguo wa data ukae kwenye kumbukumbu ya programu, wenyewe ukiwa umehifadhiwa kwa kusimbwa na ufunguo mkuu.

Siku ya kuwasha nayo ina mambo yake. Kwenye MySQL, `ALTER TABLE ... ENCRYPTION='Y'` hunakili jedwali zima, na kwa muda huo hakuna anayeandika humo. Uwe na nafasi ya diski inayotosha jedwali la pili, na saa ambayo wateja wamelala. Kumbuka pia `binlog_encryption` na `innodb_redo_log_encrypt`, mipangilio ya kusimba kumbukumbu za mabadiliko ya data, huwashwa kivyake.

Mwisho ni nakala rudufu. Safuwima zilizosimbwa hazibaniki vizuri kwa gzip, kwa hiyo panga upya muda wa kuzituma. Na `mysqldump`, programu ya kutoa nakala ya MySQL, hutoa majedwali yaliyosimbwa na MySQL yakiwa wazi kabisa: faili hiyo ibane kwanza, kisha uisimbe, na ufunguo wake usikae kwenye seva hiyohiyo.