Mgongo wa mzazi mwenye kazi: namna ya kuutunza

Dumu la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20 na ushee. Ukiliinua kwa kuinama huku magoti yamenyooka, mgongo wa chini ndio unaobeba yote. Lisogelee mpaka liguse miguu, tanua nyayo, kunja magoti, livute karibu na tumbo, kisha inuka kwa nguvu ya mapaja. Ukitaka kugeuka, geuza miguu. Kujipinda kiuno na mzigo mkononi huumiza haraka. Kwa wanaopanda vilima vya mawe vya Mabatini au Igogo jijini Mwanza, ndoo mbili za lita 10, moja kila mkono, ni afadhali kuliko dumu moja linalokuvuta upande.

Mtoto mgongoni afungwe juu, kifua chake kikugande. Kanga ikilegea akashuka kiunoni, anakuvuta nyuma nawe unajikunja mbele kumsawazisha. Mshushe kabla ya kuinua mzigo wowote, tafadhali.

Mnaoanika dagaa ufukweni, kichanja kifike usawa wa kiuno. Kama mnaanika chini, simameni kila baada ya dakika 20 mnyooshe mgongo.

Mgongo ukikaza, usishinde kitandani, misuli itazidi kukakamaa. Tembea polepole, ukande kwa kitambaa cha moto dakika 15. Lakini ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukagoma au kutoka wenyewe, au miguu ikaishiwa nguvu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.