Kabla hujanunua saidi-bai-saidi ya kubeba kwenye toihola, chukua futi kamba kwanza

Wakuu habari zenu. Washkaji wa hapa Phoenix na wengine wa Texas wananipigia sana simu na swali lao ni lile lile, nina toihola, ninunue saidi-bai-saidi gani, na kabla sijajibu wameshanitajia mashine yenye turbo waliyoiona YouTube. Jibu langu halibadiliki. Anza na trela, mashine inakuja mwisho. Mi wiki nzima naendesha lori, mizigo ndo inanilisha, kwahiyo suala la uzito siwezi kulichukulia poa na naomba na wewe usilichukulie poa, maana unapovuta hiyo trela familia yako yote iko ndani ya pikapu.

Kwa ambaye hajui, toihola ni trela ya kulala, ina jiko, choo, vitanda, ila nyuma wameacha gereji na mlango mkubwa unaoshuka chini unakuwa rampu. Saidi-bai-saidi, au UTV, ni kile kigari cha wazi chenye mabomba ya chuma juu, usukani kama gari na viti vya kukaa bega kwa bega.

Sasa futi kamba. Karatasi ya trela yangu inasema gereji ni futi 12, yaani inchi 144. Siku tunapima, mke wangu kashika upande wa ukutani mi niko mlangoni, tukakuta kuna kabati la chini limetokeza, na mlango wenyewe ukifunga unaingia ndani kidogo, nafasi ya kweli ikabaki inchi 138. Inchi sita zimepotea hivi hivi. Na mi nilikuwa nimeshaipenda RZR XP 4 1000 ya Polaris, ile ya viti vinne, ambayo ina urefu wa karibu inchi 146. Ningelipa, ningefika nayo nyumbani, na mlango usingefunga. Kwahiyo pima kule chini kwenye usawa wa bampa, halafu pima tena usawa wa kiuno, halafu andika namba iliyo ndogo kuliko zote, hiyo ndo gereji yako, ya kwenye karatasi achana nayo.

Ili upate picha, RZR XP 1000 ya viti viwili ni kama inchi 119, inaingia karibu kwenye gereji yoyote. Can-Am Maverick X3 ya viti viwili ni ndefu zaidi, kama inchi 132. X3 Max ya viti vinne inafika karibu inchi 165, hiyo ni futi 13 na ushee, inataka gereji ya futi 14 au trela ya wazi ambayo haina ukuta kati ya gereji na sebule, mashine inaingia mpaka karibu na jiko. Na hizo namba ni za mashine ikitoka kiwandani, ukifunga bampa ya mbele na tairi ya spea nyuma ongeza mwenyewe.

Wenye watoto kama mimi msikate tamaa hapo. Kuna mashine fupi za viti vinne ambazo hazitajwi sana kwa sababu hazina mbwembwe, Kawasaki Teryx4 na Yamaha Wolverine X4, zote mbili ziko kwenye futi kumi na kidogo hivi, viti vya nyuma vimesogezwa karibu na juu kidogo ndo maana zimekuwa fupi. Mi nilichukua Teryx4. Haikimbii kama X3, hilo nalijua nilipokuwa nalipa, ila inaingia, mlango unafunga, na watoto wote wako kwenye mashine moja nawaona.

Upana nao usiuangalie mlangoni tu. Trela za huku mwisho ni inchi 102 kwa nje, ukitoa kuta, ukitoa makochi yaliyokunjwa pembeni na reli za kile kitanda kinachopanda juu kwa umeme, nafasi inapungua sana. Mashine ya inchi 72 inaweza kuingia vizuri kabisa halafu wewe dereva ukashindwa kutoka, mlango wa UTV unagonga kochi, inabidi upande juu ya mabomba kama unaruka ukuta. Ukiwa na miaka 25 sawa, ila fikiria jioni umechoka, giza, na rampu ina mchanga. Kama ni ya kubana hivyo funga winchi ndogo mbele ya gereji uivute kwa rimoti bila mtu kukaa ndani. Urefu wa kwenda juu pia, nyingi ziko kati ya inchi 73 na 78, na kitanda kikiwa kimepandishwa bado kinaning'inia, halafu mtu anakuja kufunga paa, taa na antena za bendera. Pima chini ya kitanda, usipime mpaka darini.

Haya, tuje kwenye uzito, hapa ndo watu wanapoumia. Karibu na mlango wa trela kuna stika ya njano inasema uzito wa mzigo usizidi paundi kadhaa. Hiyo namba siyo ya mashine peke yake, ni ya kila kitu utakachoweka. Tuseme yako ni paundi 3,500. Ukienda kule Glamis, yale matuta ya mchanga ya Imperial kusini mwa California, kambini hakuna pa kuunganisha maji wala umeme, unabeba yako. Galoni 100 za maji ni paundi 834. Tanki la petroli la trela galoni 30 ni kama paundi 180. Chakula, viti, zana, betri za ziada, nguo, mkaa, weka 550 na hapo umejibana. Imebaki 1,936. Teryx4 yangu na vikorombwezo vyake vyote na tanki limejaa ilisoma 1,840 kwenye mizani. Yaani nimebakiza paundi 96 tu, na hii ni mashine ndogo! Ungekuwa na Ranger Crew ya Polaris yenye kabini ya vioo na kiyoyozi, ambayo inapita 2,000 kabla hujaweka hata kopo la maji, umeshazidisha.

Na usidhani maji yakitumika uzito umeondoka. Yametoka tanki la maji safi yameenda tanki la maji machafu, bado unayavuta mpaka ukayamwage.

Kitu kingine kwenye karatasi za mashine, angalia wameandika uzito mkavu au uzito wa barabarani. Polaris na Can-Am mara nyingi wanaandika mkavu, bila mafuta wala oili wala maji ya rejeta. Honda na Kawasaki wanaandika ikiwa na vimiminika vyote. Ukizilinganisha bila kujua hilo unaweza ukaona Teryx KRX 1000, ambayo Kawasaki wanasema ina karibu paundi 1,900, ni tembo peke yake, kumbe wenzake wamepimwa wamevuliwa nguo. Mi kwenye uzito mkavu naongeza 100 kwa ajili ya vimiminika, halafu naongeza tena 200 ya paa, kioo cha mbele, spea, winchi, redio na friji ya barafu. Rampu nayo ina kiwango chake, nyingi zimeandikwa 2,500 au 3,000, na pale unapanda mashine pamoja na wewe dereva na vilivyomo, jumlisha vyote.

Halafu kuna huu ugonjwa wa trela kutikisa mkia. Mzigo wako umekaa nyuma ya ekseli, kwahiyo ukiongeza uzito kule nyuma unainua pua, yaani mbele pale trela inaposhikana na pikapu, na pua ikiwa nyepesi trela inaanza kuyumba ukifika maili 65 kwa saa, upepo wa lori lililokupita ndo unaianzisha na ikishaanza inaweza kukuvuta wewe na pikapu pamoja nayo. Kwa trela ya kuvuta kwa kile kichwa cha chuma cha mviringo nyuma ya gari, asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote ikae kwenye pua, kwa ile inayokaa ndani ya bodi ya nyuma ya pikapu ni 15 mpaka 25. Mashine za spoti kama RZR na X3 injini iko nyuma ya viti, kwahiyo jaribu kuiingiza kinyumenyume, injini inasogea karibu na ekseli, na pua inapata uzito wake. Kwenye mashine fupi sukuma mpaka mbele ya gereji, usiiache mlangoni eti kwa sababu ndo rahisi kushusha.

Na mizani ipo. Sisi wa malori tunazijua CAT Scale, ziko kwenye vituo vya mafuta vya malori kila mahali, zina bamba tatu, unaweka magurudumu ya mbele ya pikapu bamba la kwanza, ya nyuma la pili, ya trela la tatu, unapata karatasi inayosema kila ekseli imebeba nini. Waliowahi kupita mizani ya Kibaha kule Tanzania wanaelewa nachosema, tofauti ni kwamba hapa hakuna anayekulazimisha, unajipeleka mwenyewe. Pima trela ikiwa na maji na vitu vyote ila bila mashine, hapo utajua nafasi iliyobaki ni ngapi, na hiyo ndo unaenda nayo dukani. Usisahau pikapu yenyewe, stika iko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, uzito wa pua ya trela na watu na vitu vyote viingie humo. Pikapu ndogo za daraja la Ford F-150 zinaisha nafasi haraka sana.

Baada ya hapo ndo unajiuliza utaendesha wapi. Kama ni mchanga wa Glamis au Little Sahara kule Utah, mashine pana ya inchi 72 na turbo ina raha yake, inatulia kwenye mteremko. Kama unaishi Ohio au Kentucky na mnaenda Hatfield-McCoy ya West Virginia, zaidi ya maili 1,000 za njia za msituni milimani, au zile njia za misitu ya serikali zenye kikomo cha inchi 50, pana itakusumbua, kwenye hizo za 50 hata kupita getini hupiti, huko ndo kazi ya RZR Trail na Maverick Trail. Mi kwa anayeanza namshauri inchi 60 mpaka 64, inaenda sehemu nyingi na gerejini unabaki na nafasi ya kupita. Na kila jimbo lina sheria zake, California kofia ngumu ni lazima kwa kila mtu kwenye UTV, na Glamis bendera iwe futi 8 kutoka ardhini, hiyo bendera uwe unaichomoa kabla ya kuingia gerejini.

Mkanda au gia? Nyingi zinatumia mkanda wa mpira kupeleka nguvu ya injini kwenye tairi, ukipata moto kwenye mchanga unakatika, beba wa spea na ujifunze kuubadilisha nyumbani siyo jangwani. Honda Talon na Pioneer 1000 hazina mkanda huo, zinatumia gia. Kama hupendi ufundi, hilo ni jambo la kulipia.

Kufunga ndani, zile pete za sakafuni zitumie nne, na strapu nzuri za racheti. Mi napenda kufunga kwa tairi, strapu inazunguka tairi na kubana sakafuni, shokapu zinabaki huru kucheza. Ukifunga kwa chesisi kaza mpaka shokapu zishuke, la sivyo shimo la kwanza barabarani strapu zinalegea. Simama baada ya maili kama 20 uangalie tena.

Petroli, hili naomba mnisikilize wazazi. Gereji ni chumba kimoja na mnapolala. Zima gesi ya jiko na friji kabla ya kuingiza mashine, iache ipoe nje kwanza, tanki jaza nje, fungua matundu ya hewa, na kengele za gesi na moshi wa injini zijaribiwe kila safari. Mtoto asilale kitanda cha gerejini mashine ikiwa ndani, hata kama baridi.

Ukinunua iliyotumika, chukua namba ya chesisi ucheki kama ina wito wa kurudishwa kiwandani ambao haujafanyiwa kazi. Aprili 2016 Polaris waliita zaidi ya RZR 130,000 za miaka ya 2013 mpaka 2016 kwa sababu ya hatari ya kushika moto, na mashine za miaka hiyo bado zinauzwa mitaani. Kisha mwambie muuzaji unakuja na trela yako. Wa kweli hatakataa. Iingize mwenyewe hapo hapo, funga rampu, shusha kitanda uone kinagusa nini, toka kwenye kiti cha dereva ukiwa umefungiwa ndani, na bado hela iko mfukoni.